Kimya cha Mpiga Dramu

Treni ilikuwa imeshaanza kusogea, na mwanamke mwenye gauni la kijani bado anakimbia sambamba nayo, dramu kubwa kifuani kama mjamzito wa mapacha. Mwokaji mikate aliyekuwa amesimama mlangoni akamnyooshea mkono.

"Shika dramu kwanza," mwanamke akasema. "Mimi nitajipandisha."

Akajipandisha kweli, kiatu kimoja mkononi, akihema na kucheka.

"Ingekuwa mtoto ungenirushia hivyo, dada?"

"Mtoto angekimbia mwenyewe."

Ndivyo walivyojuana. Mwanamke alipiga dramu kwenye bendi ya jazi, ndiye aliyeitungia nyimbo, na mchana alifundisha chuo cha muziki. Mmoja akivua viatu alfajiri akitoka jukwaani, mwenzake anafunga aproni kwenda kuoka, kwa hiyo mapenzi yao yakahamia kwenye simu.

"Mwalimu, umekula?"

"Nimekula. Na wewe Bwana Mkate, unga umebaki kwenye nyusi leo?"

"Kidogo. Njoo uupanguse."

Shangazi aliyemlea mpiga dramu hakuficha lake. "Mwanangu, mwanamume gani atavumilia mke wa kusafiri na wapiga tarumbeta? Achana na hivyo vijiti."

"Siviachi, shangazi. Atakayenitaka atanichukua navyo."

Mwokaji alipomwomba waoane, hakumjibu pale pale. "Jumamosi njoo ukumbini. Nimekutungia wimbo. Jibu limo humo."

Akaja, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi, akaketi mstari wa mbele. Dramu ikaanza taratibu, saksafoni ikaingia, matoazi yakachemka. Kisha mpiga dramu akainua vijiti juu, na bendi nzima ikanyamaza. Kimya kikakaa. Kikazidi kukaa. Mtu akakohoa. Mwokaji akamtazama usoni, akaona amefumba macho. Nimeshajibiwa, akawaza. Akainuka, akatoka.

Mpiga dramu alifumbua macho akakuta kiti kitupu. Aliupiga wimbo hadi mwisho, kila pigo mahali pake, ndipo akaenda nyuma ya jukwaa kushika simu.

"Umeondoka katikati ya jibu."

"Ulinyamaza, Mwalimu. Nimeelewa."

"Hujaelewa kitu. Ukishakanda unga ukaufunika kitambaa, ndiyo umeacha kuoka?"

Upande wa pili hapakusikika neno.

"Mbona na wewe umenyamaza?"

"Nimeufunika kitambaa."

Mpiga dramu akacheka mpaka akakaa chini. "Basi kesho mchana njoo darasani nikupigie kilichobaki. Lakini ujue kabisa, safari zangu ziko palepale."

"Safiri, mpenzi. Tanuri langu halijawahi kuniomba mke wa kulilinda."

Kesho yake alikaa kati ya wanafunzi, magoti yakimgusa kidevu kwa ufupi wa kigoda, akausikiliza wimbo wote. Baada ya kile kimya ulikuja mbio, umejaa furaha.

"Hiyo ndiyo 'ndiyo'?" akauliza.

"Ndiyo yenyewe."

Wanafunzi wakagonga madawati.

Walioana. Shangazi alihudhuria, akanuna hadi keki ilipokatwa. Mpiga saksafoni alihama na bendi ikavunjika. Mpiga dramu akaunda nyingine, akazunguka nayo miaka mingi, akafundisha mpaka viwiko vilipokataa. Hawakupata watoto. Wimbo ule bado unapigwa, ingawa bendi nyingi hufupisha kimya. Mwokaji alitangulia kufariki. Duka lake la mikate sasa linauza simu.