Upana wa Kiganja

Jernej Škulj alikuwa ameketi ndani ya kibanda chake cha mawindo, juu ya nguzo, kidevu kimelala kifuani kama mtu aliyepitiwa na usingizi. Risasi moja ilikuwa imeingia juu ya sikio la kushoto. Ukungu wa alfajiri ulikuwa umeufunika msitu wa Kočevje, na Inspekta Zdenka Lavrih alipokuwa akipanda ngazi kuiona maiti, alijiona kama anapanda kuingia ndotoni.

Chini, Lovro Pantar alikuwa amekaa juu ya gogo. Hakukimbia. Yeye mwenyewe ndiye aliyewapigia polisi simu.

"Ulipiga wewe?"

"Mimi."

"Ukilenga nini?"

"Nguruwe mwitu, pale kijitoni. Risasi ikapotea. Nilisafisha mtutu jana kwa ajili ya misa, mama. Ni mafuta hayo."

Wawindaji wenzake wakaitikia kwa vichwa. Kwetu, kila Novemba inapoanza, bunduki hupelekwa kanisani kubarikiwa, na hakuna anayetaka kumpelekea padri bunduki chafu. Lakini mtutu uliosuguliwa na kupakwa mafuta hauipeleki risasi ya kwanza pale ulipolenga. Ndiyo maana mtu mwenye akili huanza kwa kupiga moja kwenye kichuguu cha udongo, mtutu urudie hali yake. Na anayekosa windo, mwaka mzima, husingizia mafuta.

"Ajali tupu, Inspekta," mmoja akasema. "Mafuta yameshaninyima paa watatu."

"Wewe umenyimwa na macho yako," mwenzake akamjibu, kisha akakumbuka maiti, akavua kofia.

Zdenka hakucheka. Akaichukua bunduki.

Kwenye uwanja wa shabaha, Tilen, mtaalamu wa silaha, aliusafisha mtutu, akaupaka mafuta, akapiga. Risasi ya kwanza ilikwenda kushoto. Ya pili ikasogea. Ya tatu ikatua katikati kabisa. Akarudia tangu mwanzo, na majibu yakawa yaleyale.

"Mafuta yanahamisha risasi kweli," alisema. "Lakini kwa umbali ule, ni upana wa kiganja tu."

Zdenka akaikunja karatasi ya shabaha, akarudi kituoni. Nje ya dirisha la chumba cha mahojiano msitu ulionekana na kupotea katika ukungu, ukaonekana tena. Lovro alikuwa akiutazama kana kwamba yeye yuko huko.

"Mzee Lovro, kutoka kijitoni hadi kwenye kibanda cha Jernej kuna shamba zima. Mafuta hayavuki shamba. Hapakuwa na nguruwe."

Lovro hakuondoa macho dirishani.

"Ulimlenga Jernej?"

"Sikumlenga!"

"Basi ulilenga nini?"

Lovro alijifuta uso kwa mikono miwili. Aliposema, alisema polepole.

"Kuna dubu jike, mzee sasa. Ukungu ukishuka hupita chini ya miti, mkubwa vile, na husikii hata jani. Tangu mke wangu afariki, mimi huenda pale kumtazama yeye tu. Jernej akapata kibali cha kumpiga. Nikamwomba amwache. Akanicheka mbele ya watu. 'Lovro, kaoe basi!'"

"Ukaamua kumuua."

"Kumtisha! Dubu alikuwa ameshatoka, na Jernej ameshainua bunduki. Nikalenga nguzo ya kulia kwangu, kando ya kichwa chake. Nilitaka aruke, anitukane, dubu akimbie. Dubu alikimbia. Jernej hakuruka. Siku zote siisafishi bunduki ile, wananicheka, lakini haijawahi kuniongopea. Mwaka huu padri alinisema, nikaona haya, nikaisafisha. Ni mkono, Inspekta. Mkono wangu umezeeka, ukatetemeka."

"Hukupiga kwanza moja udongoni?"

"Nimshtue dubu? Na hayo mafuta sijawahi kuyaamini, ni maneno ya wasiojua kulenga. Nilikutajia kwa sababu kila mtu huyataja."

Zdenka alimwonea huruma, na hakuona njia ya kumficha ukweli. Akaikunjua karatasi mezani.

"Hii ni bunduki yako. Hapa katikati ndipo ilipolengwa. Tundu hili la kushoto ni risasi ya kwanza, baada ya mafuta."

Lovro akaweka kiganja chake kati ya alama na tundu. Kilienea sawasawa.

"Mkono haukutetemeka," alisema.

"Haukutetemeka. Nitakushtaki kwa kuua bila kukusudia. Siwezi kufanya pungufu ya hapo."

"Kwa hiyo ningeiacha chafu..."

"Jernej angekuwa hai."

"Angenitukana."

"Angekutukana mpaka Krismasi," Zdenka akasema, na Lovro Pantar, kiganja chake kikiwa bado juu ya karatasi, akaanza kulia.