Kichwa cha Kufaa Hereni

Wateja huja saluni na vichwa vyao, hereni wakazitafuta baadaye. Mwanamke yule alikuja na hereni mkononi, akaketi, akamwambia msusi, "Nikate nywele zifanane na hizi."

Msusi alizitazama. Zilikuwa za fedha iliyoingia weusi, ndefu kama kidole, na zilinuka nywele zilizoungua. Mjane anayesomesha mtoto kwa mkasi hachagui harufu ya mteja. Alimpunguza pembeni, akamwachia kidogo utosini, akamvisha hereni. Kisha akasema ukweli, maana kusifia uongo hakukuwa kazi yake.

"Uso wako mrefu, dada. Nywele fupi zimeuacha wazi, na hereni hizi zinauvuta chini zaidi. Wewe wa kuvaa vipini vidogo tu."

"Ndiyo," alijibu mwanamke, kwa sauti nzito ambayo hakuingia nayo. "Kichwa hiki hakifai."

Akazivua, akazilaza kwenye trei ya hereni za kujaribia, akatoka mbio huku amejishika kichwa, akilia kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Umeachiwa mali," alisema wifi ya msusi kutoka kiti cha mlangoni. Dada huyu wa marehemu mumewe aliishi nao chumba cha nyuma, akisuka wateja wa mistari, na mdomo wake haukuwa na kufuli. "Zijaribu basi. Au unaogopa tutagundua una masikio?"

"Ninayo, wifi. Yamechoka kukusikia tu."

Wakacheka. Aliyezijaribu ni binti yake, alipotoka shule, sare ikiwa bado mwilini.

"Mama, zimenikaa?"

"Vua. Hujui zimetoka masikio gani."

Binti alivua. Lakini kesho yake nywele zake, ambazo tayari zilikuwa fupi za mwanafunzi, zilikuwa fupi zaidi. Keshokutwa ngozi ilianza kuonekana juu ya masikio. Mama akafungia mikasi kabatini, akazitupa hereni kwenye shimo la choo. Jioni zilikuwa kwenye trei, kavu, na binti alikuwa akijitazama kiooni, kichwa akikigeuza huku na huku kama mteja anayesubiri sifa.

Mganga aliitwa. Alifukiza hadi akakohoa yeye mwenyewe, kisha akatazama kioo, akaondoka bila kuaga, na mkoba wake akausahau.

Siku ya tatu baada ya hapo umeme ulikatika mchana, wifi akiwa sokoni, na msusi, aliyekuwa uani akianua taulo, akasikia mkasi ukikata saluni, kach, kach, taratibu, kama wa fundi asiye na haraka, akaingia akijiambia kwamba ni mteja mkorofi tu, ingawa mlango alikuwa ameufunga kwa ndani na funguo za kabati zilikuwa kifuani mwake, na ile harufu ya nywele kuungua ilikuwa imejaa chumba kizima ilhali hapakuwa na moto wala kifaa kilichowaka, na hapo kwenye kiti alikuwa ameketi mwanawe, mikono mapajani, mitupu, kichwa kimetulia kama cha sanamu, na zile hereni masikioni mwake zikiyumba, zikiyumba, kama za mtu mwingine anayeitikia kwa kichwa.

"Fundi," binti alisema. Ile sauti nzito, yenye adabu. "Kichwa hiki kidogo. Nakivaa kwa kukosa kingine, na kitakwisha upesi. Wewe una jicho. Niambie, kichwa gani kitanifaa?"

*Changu.* Neno lilifika ulimini. Lakini alikuwa mtu aliyezoea kuwaza kesho kabla ya leo. Akiondoka yeye, nani atampikia mtoto? Nani atampeleka shule?

"Uso wa duara," alijisikia akinong'ona, kwa sauti ileile anayowashauria wateja. "Shingo ndefu. Kidevu chembamba. Akikata nywele, hereni ndefu zitamkaa."

"Wifi yako," sauti ikasema, ikafurahi. "Nilijua una jicho."

Binti akaanguka kifuani pake, masikio matupu. Mama akamkumbatia, na katika kumkumbatia akakumbuka mgongo ambao mtoto huyu alibebwa nao hadi hospitali, kwenye mvua, siku ile alipokuwa na homa na mama akimalizia kichwa cha bibi harusi. Mgongo wa wifi.

Wifi alirudi na kikapu, akakiweka chini, akakaa kitini. "Nyoa. Zinanielemea."

Ilikuwa misuko yake, iliyofika kiunoni, jeuri yake yote. Msusi alingoja utani ufuate. Haukufuata. Akanyoa, na chini ya misuko zile hereni zikaonekana, tayari masikioni mwake.

"Zimenipendeza?"

"Zimekupendeza."

Na kweli zilimpendeza. Katika miaka yote ya kazi hakuwahi kuona hereni zikikaa kichwani pa mtu namna ile.

Sasa wifi hukaa mlangoni, ananyamaza, na wateja wapya humwonyesha kidole: nataka kama yule. Saluni haijawahi kujaa hivi. Binti amepona. Nywele zake zimeota, ila hamwachii mama akiguse kichwa chake. Hujichana mwenyewe, mlango ameufunga.

Jana wifi aliketi kwenye kiti cha kazi bila kuitwa. Nywele zake zilikuwa zimenyonyoka, ngozi ikionekana kama nguo iliyofuliwa mno. Harufu ilitangulia maneno.

"Kichwa hiki kinakwisha, fundi. Anza kuangalia kingine."

Msusi akainua macho kiooni. Nyuma yake, penye pazia, binti alikuwa amesimama na amesikia. Hakuwa akizitazama hereni. Alikuwa akimtazama mama yake, na polepole, kwa mikono miwili, akajifunika kitambaa kichwani, akakivuta mpaka masikio yote mawili yakapotea.