Nyoka Aliyegoma Kukata Kushoto

Haya yalimkuta Dalisay, mjukuu wa shoga yangu hapa mjini Iloilo, na leo sitii chumvi. Kwenye mashindano ya wanafunzi wa kompyuta, yeye na mwenzake Hernani waliunda upya mchezo wa nyoka wa simu za zamani. Nyoka wao akagoma kukata kushoto, na mwamuzi akimkuta hivyo, wametolewa. Mezani waliweka simu ya zamani ya kuigia mchezo, ya marehemu babu yake Dalisay, aliyelamba kidole gumba kila akicheza. Haikuwa na betri.

Umeme ukakatika. Gizani kukasikika vitufe: ti, ti, ti. Kwenye kioo cha kompyuta yao ya mpakato, iliyobaki na chaji, nyoka akakata kushoto.

“Umewezaje, mchawi wewe?” Hernani akacheka.

“Sijagusa kitu!”

Taa zikawaka. Kwenye simu ya babu, kitufe cha kushoto kilikuwa kimelowa mate.