Tarumbeta Ikishalia

Foleni ya burgoo, mchuzi mzito wa nyama na mboga, siku ya Jumamosi pale uwanja wa mbio Louisville haina adabu. Watu wanasukumana, bakuli la mchuzi mkono mmoja, kijitabu cha mbio mkono wa pili, na kila mmoja anamjua farasi atakayeshinda. Katikati ya vurugu hiyo alisimama mwanamke wa miaka thelathini na sita aliyevaa koti jekundu lenye vifungo vya shaba na buti nyeusi za kufika magotini, kwapani amebana tarumbeta ndefu. Mbele yake kulikuwa na jitu refu, shati lake la buluu limepigwa pasi upande mmoja tu, linajikuna kichwa kwa kalamu.

"Kaka, samahani, nipishe. Nisipokula sasa hivi, sina pumzi ya kuwapulizia farasi watoke."

Jamaa akageuka, akaliona koti, akaiona tarumbeta.

"Kumbe ndiye wewe unayeniharibia maisha!"

"Mimi? Nimekuharibia nini tena?"

"Nakuwa nimeshachagua farasi wangu, nimetulia. Halafu unapuliza hilo dude lako, roho inaruka, nabadili. Nikishabadili tu, yule wa kwanza anashinda."

"Masikini! Umeshapoteza kiasi gani?"

"Hata senti. Mimi sibeti kwa pesa. Niko kwenye mashindano ya kubashiri, kule juu ghorofani. Unalipa kiingilio asubuhi, basi. Kila mbio unapewa dola mbili za uongo, unachagua farasi. Jioni, mwenye hesabu kubwa anakwenda fainali Las Vegas."

Mwanamke, Delphine Mudd kwa jina, akacheka mpaka vifungo vikacheza. "Dola za uongo! Kama watoto wanaopika ugali wa matope!"

"Cheka tu, dada. Kule dirishani mnakobeti pesa anashinda mwenye mfuko mnene. Kwetu anashinda anayejua farasi."

"Mimi kila Jumamosi naweka dola mbili zangu, farasi mmoja, sizidishi. Lakini ni zangu. Ndiyo maana namtazama kwa macho mawili."

Jamaa akampisha. Jina lake Wendell Tackett, fundi wa mabomba. Kabla ya mbio ya sita alikuwa ameshaomba namba ya simu.

Basi, ubishi huo ndio uliowalea. Waliubishania Ijumaa za Kwaresima wakila samaki wa kukaanga katika ukumbi wa kanisa, wakaubishania Barabara ya Bardstown wakitembea wameshikana viuno kama vijana wa shule. Delphine alikuwa akimwita "bwana dola za uongo". Wendell akimwita "malkia wa kelele". Miaka miwili ikapita hivyo, mitamu, na mwanamke akaanza kuhesabu kimoyomoyo. Nguo za Wendell zilikaa nyumbani kwa Delphine ndani ya begi, chini ya kitanda. Ufunguo wa nyumba alipewa, na bado akija anabisha hodi.

Wendell hakuwa mtu mbaya, msimhukumu bado. Baba yake aliiacha nyumba yao pale dirishani, chumba baada ya chumba. Mtoto akaapa kwamba hataweka mezani kitu kinachoweza kumliza, na kiapo hicho kilienda mbali kuliko farasi, hadi kwenye mapenzi.

Jumamosi moja ya Juni alimpigia Delphine simu kutoka juu, sauti inameremeta.

"Laazizi, niko wa pili! Imebaki mbio moja."

"Umeshachagua?"

"Nimechagua, ila wewe bado hujapuliza."

"Mjinga wewe."

"Mjinga wako. Ngoja kidogo, Roscoe huyu hapa."

Akaiweka simu mezani na kusahau kuikata. Delphine, akijifunga kola mbele ya kioo, akabaki ameibana sikioni huku anatabasamu. Akamsikia Roscoe, rafiki yake Wendell, akiuliza, "Hivi huyo wako, kweli unampenda?"

"Nani, huyu? Simpendi hata kidogo. Umri umekwenda, miguu mizito. Nimemchukua kwa sababu hakuna mwingine atakayemchukua."

"Na akikuangusha?"

"Akiniangusha sijapoteza kitu. Pesa yangu hiyo?"

Yeyote aliyekuwa kule juu angejua kwamba mazungumzo ni ya farasi jike wa miaka saba, asiyetazamwa na mtu. Ukiwa wa pili na imebaki mbio moja, huwezi kumpita wa kwanza kwa kumchagua farasi yuleyule anayependwa na wote. Unamchukua aliyetupwa. Lakini Delphine hakuwa kule juu. Alikuwa peke yake mbele ya kioo, akajitazama umri, akajitazama miguu, akaikata simu.

Muda ukafika. Akapanda kwenye kibanda chake kando ya njia ya mbio, akainua tarumbeta. Noti ya tatu ikapasuka.

Uwanja mzima ukaguna. Kule juu Wendell akasimama wima. Mwanamke huyo hajawahi kupasua noti, hata siku ile ya mvua ya mawe. Akabaki amekodoa macho kibandani, na kwa mara ya kwanza akasahau kubadili farasi. Yule jike mzee wa miguu mizito akaja kwa upande wa nje, akawapita wote. Roscoe akamrukia shingoni. "Las Vegas, ndugu yangu! Las Vegas!"

Wendell tayari alikuwa anapiga simu. Haikupokelewa. Haikupokelewa siku baada ya siku, na begi akalikuta barazani kwa Delphine, limefungwa vizuri. Ilipofika Alhamisi akaketi juu ya begi lake, akazungumza na mlango.

"Delphine, nimekosa nini? Niambie hata neno moja."

"Nenda Las Vegas na huyo uliyemchukua kwa sababu hakuna mwingine atakayemchukua!"

 Wendell, mwanamume huyu hana bahati, akacheka. Alicheka kwa nafuu tu, lakini mlango haukujua hivyo.

"Unacheka?"

"Mpenzi, alikuwa farasi! Farasi jike, miaka saba! Muulize Roscoe!"

 Mlango ukafunguka kidogo, upana wa jicho moja jekundu.

"Sawa, alikuwa farasi," Delphine akasema polepole. "Samahani kwa hilo. Sasa nijibu. Mimi nikikuangusha, Wendell, utapoteza nini? Nguo zako ziko kwenye begi tangu nikujue. Ufunguo unao, unabisha hodi. Mimi nimejiweka mezani mzima mzima. Wewe umeweka nini?"

Wendell akalitazama begi alilolikalia. Mlango ukafungwa taratibu, na taratibu hiyo ikamuuma kuliko kama ungebamizwa.

Jumamosi hakupanda juu. Alivaa suti ya kijivu, akajipanga kwenye foleni ya dirishani, pale alipokuwa akimngoja baba yake utotoni.

"Mbio ya ngapi, kiasi gani, namba gani?" akauliza mama wa dirishani.

"Ya tano. Dola mbili, ashinde, namba sita."

Dola mbili tu, jamani, na jasho lilimtoka. Tarumbeta ikalia, roho ikaruka, naye akaishika tiketi kwa mikono miwili, hakurudi dirishani. Namba sita alikimbia vizuri mpaka kona ya mwisho, kisha akachoka kama mtu mwingine yeyote.

Alimkuta Delphine nyuma ya kibanda, anafuta tarumbeta kwa kitambaa.

"Niko kazini, Wendell."

"Nimepoteza."

Akampa tiketi. Delphine akaisoma, akaigeuza, akamtazama usoni.

"Umebeti? Wewe? Pale dirishani?"

"Nilimpenda kweli. Kawa wa tano."

"Wee mwanamume!" Akamshika shavu bila kukusudia. "Nani kakuambia nataka ubeti? Na habari za baba yako ninazijua! Mashindano yako mazuri, baki nayo, nenda Las Vegas uwashinde wote. Farasi wapende kwa pesa za uongo. Mimi usinipende kwa pesa za uongo."

"Nilitaka kujua kama nitakufa. Imeniuma, lakini sikufa." Akamsogelea. "Delphine, wewe nikikupoteza, sitakwambia uongo, hapo sijui kama nitapona. Ndiyo maana nilikuwa nabisha hodi. Naogopa. Nataka nikuoe, na naogopa hivyo hivyo."

Machozi yakamjaa Delphine. Ofisa wa mbio akampungia mkono kwamba muda umefika.

"Nijibu kwanza," Wendell akamwomba.

"Niache nifanye kazi."

Akapanda, akainua tarumbeta. Noti ya tatu ikapasuka palepale, maana midomo ilikuwa inacheka yenyewe. Uwanja mzima ukapiga makofi. Akashuka, uso umelowa, koti jekundu limekaa upande.

"Haya, tarumbeta imelia. Hii ndiyo saa yako ya kubadili mawazo."

"Nimeshachagua."

"Una dakika kumi bado."

"Sizihitaji. Begi nimempa Roscoe. Nguo ziko kwenye gari, nimezitupia kiti cha nyuma tu."

Farasi wa mbio ya sita walikuwa wanapita mbele yao kwenda kujipanga, na hakuna aliyewatazama.

"Basi kazilete," akasema Delphine. "Na usibishe hodi."