Sekunde Tatu za Shangazi Somoe

Hakuna kosa la michoro ya kompyuta, duniani wala mwezini, lililowahi kumshinda Dadi kabla chai haijapoa. Hayo aliyasema mwenyewe, kikombe mkononi, sebuleni kwa shangazi yake. Chai ikapoa. Ikachemshwa nyingine, nayo ikapoa.

Macho ya Shangazi Somoe yalikuwa vioo viwili vyeusi vya kupandikizwa, yakiongozwa na kisanduku nyuma ya sikio, kidogo kama korosho. Kisanduku kilitumia mfumo wa kompyuta uitwao Linux, na ndani yake mlikuwa na kichoraji, chembe inayogeuza mwanga kuwa picha ambayo ubongo unaielewa. Kati ya Linux na kichoraji husimama kiendeshi, programu ya kupeleka amri. Kiendeshi hiki kilikuwa huria: kiliandikwa na watu wa kujitolea, na yeyote aliweza kukifungua, kukisoma na kukirekebisha.

Kwa macho hayo Somoe aliendesha winchi miaka tisa katika bandari ya anga ya Mtwara, akipakia makontena ya tani arobaini kwenye roketi. Lakini sasa, wiki ya tatu hii, dunia ilimfikia ikiwa imechelewa sekunde tatu. Alijimiminia uji wa moto mkononi. Kazini wakamshusha kwenye winchi, wakasema ni uzee. Saa kumi alasiri mkaguzi angempima kwa mara ya mwisho, na saa nane ilikwisha kupita.

"Dadi mwanangu, niambie kweli. Ni mashine au ni mimi?"

"Ni kiendeshi, Shangazi. Hawa waandishi wa bure wanaandika huku wanasinzia."

Akaunganisha skrini yake na kisanduku, akaweka toleo jipya la kiendeshi. Hakuna kitu. Akabadilisha kiini cha Linux, na kwa dakika nzima shangazi akaona kila kitu kijani. Akauliza kwa upole kama mpwa wake amegeuka mchicha. Dadi akarudisha kiini cha zamani, kisha akafanya alichopaswa kuanza nacho: akasoma kumbukumbu za kuwaka, orodha ya yote yanayotokea kisanduku kinapowashwa, kuanzia juu.

Kiendeshi hakikuwa na kosa. Hakikuwa kimeitwa kabisa. Picha zote zilichorwa na kichakataji kikuu, kazi isiyo yake, kama karani aliyekabidhiwa brashi ya rangi. Anapaka, lakini utamsubiri.

Nani alikikataza kiendeshi? Dadi akafungua faili la maagizo ya kuwaka. Mstari wa katazo ulikuwepo, na pembeni pake maelezo mafupi: "Wa muda tu. Nitautoa kesho. Dadi."

Aliuweka wiki tatu nyuma, ili macho yasizimike wakati anabadilisha mfumo. Kisha akaitwa kula, akala, akaaga. Kesho yake hakurudi.

Akamtupia shangazi jicho. Alikuwa ameelekea kwenye skrini, akimwuliza mbona hatui kikombe, na kikombe kilishatuliwa. Bado anaona ya nyuma, Dadi akajisemea. Harakaharaka akafuta jina, akafuta mstari, akafunga faili. Akasubiri kidogo kila kitu kihifadhiwe, halafu akawasha macho upya.

Akainua mkono kupima. Kabla haujafika juu, shangazi alishaukamata kifundoni. Akavaa viatu vya kazi, wakatoka, na saa kumi na robo alilitua kontena la tani arobaini kwenye alama yake pasipo hata kuyumba. Mkaguzi akamrudishia kiti.

Jioni Dadi akaandika taarifa kwa jumuiya ya waandishi wa kiendeshi, ili tatizo hilo likimpata mwingine ajue dawa yake. Huko wana desturi: taarifa haipokelewi mpaka mwenye mashine atie sahihi kama shahidi. Akaeleza vizuri sana kwamba kiendeshi ni kizima, na kwamba mstari wa katazo uliachwa na "fundi aliyetangulia". Akampa shangazi asaini.

Somoe akasoma mpaka mwisho.

"Fundi aliyetangulia namfahamu. Anapenda chai yangu."

Dadi akacheka. Alicheka peke yake.

"Wiki tatu, Dadi. Nilishaanza kuuzoea huo uzee. Glavu zangu nimeshazigawa."

Dadi akaanza kusema kwamba yeye hakujua, kwamba labda ni mashine yenyewe. Shangazi akamrudishia taarifa.

"Jina lako nililiona, na nikaona ukilifuta. Lilichelewa sekunde tatu, lakini lilifika. Liandike, ndipo nitie sahihi."