Mke Wangu Alilala na Mimi wa Zamani

Mchana ule nilifungua mlango wa chumba nikamkuta mke wangu, Torill, amelala na mimi.

Wala sisemi kwa mafumbo. Upande wangu wa kitanda kulikuwa na mwanamke mnene ndani ya gauni langu la kulalia. Nyonga zangu, tumbo langu. Kichwa tu ndicho hakuwa nacho. Torill alikuwa amemkumbatia kifuani.

Torill ni fundi cherehani hapa Bergen, Norwe, huwashonea wanawake wanene. Kila mteja humtengenezea kiwiliwili cha kitambaa, akikijaza mpaka kifanane naye. Changu kilisimama chumba cha kushonea tangu tulipooana. Sasa kimehamia kitandani.

"Torill."

Hakushtuka. "Punguza sauti. Amelala."

"Nani amelala?"

"Wewe."

Hapo nikakumbuka. Asubuhi nikiwa kazini alinitumia ujumbe: "Umechelewa kuamka leo, mpenzi. Nimekufunika vizuri." Mimi nikacheka, nikadhani ni utani wake.

Nilikigusa kile kiwiliwili. Kilikuwa na joto, kinanuka jasho langu. Tena kilikuwa kimenenepa kuliko nilivyowahi kunenepa mimi.

"Umekijaza nini?"

"Nguo zako. Zile ulizotia kwenye mfuko wa mitumba kwa kuwa zinakupwaya. Kila ulichotupa nimempa yeye."

"Wewe mwanamke, unanitisha."

"Na wewe je? Nikikukumbatia nashika mifupa. Umefanya nini, Ingunn?"

Uongo nilikuwa nao tayari, wa tumbo kuuma. Ukanishinda kutoka.

"Najidunga sindano ya kupunguza mwili. Iko kwenye friji, nyuma ya jibini la kahawia. Tangu Agosti."

"Daktari alisema usipopungua utakufa?"

"Hapana. Ningekuwa naumwa ungenisamehe upesi. Magoti yalinichosha, Torill. Nikatamani kupanda mlima na wewe bila kuhema. Halafu nikaupenda huu mwili, na hapo ndipo nikaona aibu. Mimi, mshika bango wa kila Siku ya Wanawake, Machi nane, 'Mnene na Sijutii'."

Ujumbe ukaingia kwenye simu yangu. Borghild, mkuu wa kikundi chetu cha wanawake wanene tunaopenda wanawake: "Kesho maandamano. Wenzio wanasema umetukimbia. Bango tumpe mwingine?"

Torill aliusoma akichungulia begani kwangu. Nikamgeukia.

"Ulinipenda mimi, au ulipenda unene?"

Alimvuta karibu yule wa kitambaa.

"Mama alipungua hivihivi," akasema. "Kila Jumatatu mlo mpya. Nikiwa na miaka kumi na moja niliweza kumhesabu mbavu. Halafu siku moja hakukuwa na mama wa kuhesabu. Nikakuona na wewe unaondoka, tena kimyakimya. Nikamshika aliyebaki."

Jamani, moyo uliniuma. Nilikaa naye kitandani, kile kiwiliwili kikiwa katikati yetu.

"Siendi popote. Nilikuficha kwa woga. Nisamehe."

Torill akachukua mkasi, akafumua mshono wa mgongo. Nguo zikatoka moja moja, na kile kiwiliwili kikashusha pumzi ndefu. Niliisikia, na Torill aliisikia, maana alinishika mkono.

"Alikuwa mzuri," nikasema huku nalia.

"Mzuri sana. Sikuwahi kumwonea haya."

"Hata mimi."

Tulimlilia wote wawili. Kisha Torill akampigia Borghild, akaweka spika ili nami nisikie.

"Bango anashika Ingunn."

"Na alivyokonda hivyo? Watu watatucheka."

"Si tulisema mwili wa mwanamke si mali ya kamati yoyote? Au kamati sasa ni sisi?"

Borghild alikohoa. "Haya. Mje mapema, mvua itanyesha."

Torill akaweka simu chini, akafuta machozi kwa kiwiko, akatoa utepe wa kupimia mfukoni.

"Simama nikupime."

"Na nikinenepa tena?"

"Utepe wangu mrefu, mke wangu. Inua mikono."