Mshindi Asiyekuja Kuchukua Mali

Saa kumi na moja na dakika sita jioni, Jumapili tarehe 19 Februari 2017, mwalimu Leah alifungua daftari lake akaandika: Mnunuzi hajafika. Mara ya pili.

Barazani kwake, hatua mia mbili kutoka stendi ya Tukuyu, cherehani ya miguu ilikuwa imefunikwa nailoni kwa ajili ya mvua. Kando yake alisimama mwenye mali, Tusekile, mama wa miaka ishirini na mitatu, mwanawe Elina amelala fofofo mgongoni.

"Labda mvua imemchelewesha," Tusekile alisema.

"Mama Elina, mvua hii ni ya Tukuyu. Anayeisubiri ikatike hatoki nyumbani mpaka Juni."

Leah, mwalimu wa hesabu aliyehamishiwa hapo kutoka Singida, alikuwa msimamizi wa Mnada wa Jioni, kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili na kumi. Kila Jumamosi kuanzia saa kumi hadi saa kumi na moja muuzaji aliweka picha, watu wakataja dau, na dau la juu likashinda. Sheria zilikuwa mbili: mshindi alipe ndani ya siku moja, na makabidhiano yawe ana kwa ana, muuzaji na mnunuzi, barazani kwa Leah, pasije pakawa na maneno. Hiyo ya pili aliitunga mwenyewe na alijivunia.

Jumamosi ya wiki iliyotangulia, namba hiyo hiyo iliyoshinda cherehani ilishinda redio ya Tusekile kwa shilingi elfu hamsini na tano. Hakuja mtu. Leah alipopiga simu, mwanaume mtu mzima alijibu kwa upole, "Nitalipa, mwalimu. Unisamehe." Akamsamehe. Lakini elfu hamsini ndiyo ilikuwa ada ya mtihani wa kidato cha nne kwa watahiniwa wa kujitegemea. Tusekile alikuwa amesoma madarasa ya jioni kwa Leah huyo huyo miaka miwili, mtoto mapajani, na mwisho wa kulipa ulikuwa tarehe 28. Redio ilipokosa kuchukuliwa watu wakasema ni mbovu, hakuna aliyeitaka tena. Ndipo akatoa cherehani.

"Ngoja nimpigie mimi," Tusekile alisema.

Simu ikapokelewa. "Halo? Samahani, mimi ndiye mwenye cherehani..."

Ikakatwa papo hapo. Alipopiga tena, ilikuwa imezimwa.

Akiwa bado na simu mkononi, Tusekile aliinua macho kuelekea barabarani, akageuka ghafla, akaingia ndani na kufunga mlango.

"Kuna nini tena?" Leah aliuliza.

"Mtoto analia, mwalimu."

Leah alitazama nje. Aliona mama muuza maparachichi, pikipiki ya Allen kwenye kona, na mwavuli mweusi ukienda zake kuelekea sokoni. Kilio cha mtoto hakukisikia. Jambo hilo hakuliandika.

Jumatatu saa nne asubuhi, wakati wa mapumziko, alikwenda kwa Jotham, fundi na muuzaji wa cherehani zilizotumika, ambaye ndiye aliyeshindana na namba ile hadi mwisho.

"Fundi, namba hii ni yako?"

Jotham alicheka. "Mwalimu, ningekuwa na namba ya pili ningeitumia kumkwepa mke wangu, siyo kununua cherehani."

"Mshindi akikimbia, mali inarudi kwa aliyemfuata. Aliyemfuata ni wewe. Unaipata kwa bei yako."

"Bei yangu ipi? Hebu soma hapa." Alimsogezea simu. "Nimesema laki mbili, yeye elfu tano juu. Laki mbili na thelathini, elfu tano juu. Mpaka laki mbili na sitini. Kwa hela hiyo unanunua mpya kabisa Mbeya, na soda unakunywa. Huyu hana shida na cherehani. Huyu alikuwa hataki mimi niichukue."

"Kwa nini asitake?"

"Muulize anayeuza. Ninavyoona mimi, anajinadia mwenyewe kwa namba ya pembeni ili bei ipande. Nilipoacha, ikamdodea."

Leah aliandika: Bei ni ya cherehani mpya, lakini anataka hiyo hiyo. Aliandika pia jina la Tusekile, akalipigia mstari.

Saa saba mchana alifanya jaribio. Aliingia kwenye huduma ya kutuma pesa kwa simu, akaweka namba ile na shilingi mia tano. Kabla hajaweka namba ya siri, kioo kikamwonyesha jina la mpokeaji: Anyelwisye Mwakibete. Akasitisha.

Tusekile alifika saa kumi, viatu vimejaa matope.

"Anyelwisye ni nani?" Leah aliuliza.

Tusekile aliinamisha uso.

"Anyelwisye Mwakibete. Unamfahamu au humfahamu?"

"Mwalimu, naomba usi..."

"Usi nini? Nataja jina tu. Nakuuliza mara ya tatu, Mama Elina. Anyelwisye ni nani kwako?"

Tusekile alijifunika uso kwa kitenge, machozi yakamtoka. Kisha akatoka mvuani bila kuaga, akaiacha cherehani pale pale.

Kwa miaka minane Leah alikuwa amesimamia mitihani, na aliamini kwamba mwanafunzi anayenyamaza ameibia. Saa kumi na nusu aliandika kundini: "Muuzaji wa cherehani na mnunuzi hewa wanafahamiana. Muuzaji nimemwondoa. Samahani kwa usumbufu." Mpaka saa kumi na moja majibu yalikuwa arobaini na moja. La kwanza lilisema: "Hao ndio wasomi wetu wa jioni!" Mengine yote yalikuwa vicheko.

Jumatano jioni kiti cha Tusekile darasani kilikuwa kitupu. Fomu yake ya mtihani ilikuwa mezani kwa Leah, imejazwa kwa mwandiko wa mviringo, kila kitu isipokuwa namba ya malipo. Baada ya kipindi Leah alipanda bodaboda ya Allen, baba wa watoto watatu aliyejua kila mlango wa Tukuyu.

"Madam, yule wa cherehani ulimpata?"

"Jina nimelipata. Anyelwisye Mwakibete. Nilipomtajia Tusekile, akalia akakimbia."

Allen alisimamisha pikipiki katikati ya matope. "Ulimtajia? Kwa sauti?"

"Mara tatu."

"Mama yangu! Madam, yule ni baba mkwe wake. Kwetu sisi mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Akimwona njiani anaingia migombani. Jina lake halitamki hata umpige. Mjini wengi wameacha, ila mzee yule ni wa zamani, na Tusekile anamheshimu. Ungemwambia avue nguo stendi, ingekuwa afadhali."

Miaka miwili Leah alikuwa akiwaona wanawake wakiacha njia na kuingia migombani, akadhani wanapisha ng'ombe.

"Mzee mwenyewe yukoje?"

"Mrefu, koti la kijivu, mwavuli mweusi. Jumapili nilimleta mimi kutoka Igogwe. Akashuka kwenye kona ya kwako, akatembea hadi kwenye nguzo ya umeme, akageuka. Nikamuuliza, mzee, umesahau nini? Akashika njia ya sokoni. Jumapili ya kabla yake ilikuwa hivyo hivyo."

Leah hakuhitaji daftari. Mtoto hakuwa akilia. Mzee alimjibu Leah kwenye simu, akamkatia Tusekile. Dau lilipanda ili vitu visitoke kwenye nyumba ya mwanawe. Na sheria yake ya pili, ile ya ana kwa ana, ndiyo iliyomzuia mnunuzi.

Alhamisi alisimama mlangoni kwa Tusekile, asijue mikono aiweke wapi.

"Nimekukosea. Nisamehe."

Tusekile alikuwa akimnyonyesha Elina. Alingoja mpaka mtoto akaachia ziwa. "Ungenionyesha simu nisome mwenyewe, mwalimu, ningeitikia kwa kichwa. Nilikuwa sijui kama ni yeye. Nilijua pale ulipotaja." Akafuta mdomo wa mtoto. "Sasa sokoni wananiangalia kama nimeiba."

Jumapili tarehe 26, saa nane mchana, Allen aliwafikisha Leah na Tusekile Igogwe, kwa mzee. Tusekile alishuka mbali, akazunguka kwa nyuma, akasimama nyuma ya jiko la mabanzi, mgongo kwa ukuta. Mzee Anyelwisye alikuwa barazani. Leah akaketi kati ya baraza na jiko.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu." Mzee aliona ukingo wa kitenge nyuma ya jiko, akageuza kiti kuelekea mlimani. "Umeniletea polisi?"

"Hapana. Nimekuja kuuliza. Kwa nini ulishinda mara mbili usilipe?"

Mzee aliingiza mkono kwenye koti, akatoa kifurushi cha nailoni. "Fedha hii hapa. Ya redio na ya cherehani. Niliuza ndama. Imekaa kwenye koti hili, nikienda nayo na kurudi nayo. Kila nikija, yule yuko pale barazani kwako. Ningepitia wapi?"

"Ungetuma kwa simu."

"Jina langu lingetokea kwake. Angejua nimeona anauza vyombo. Angeishije?"

"Ungemtuma mtu."

"Nimtume nani? Nimwambie jirani, kaninunulie vitu vya nyumba ya mwanangu, mkewe ana njaa? Mwanangu huyo, Godwin, yuko Tunduma. Miezi minne hajatuma hata salamu. Nimemzaa mimi, mwalimu. Niliingia kwenye kundi lenu kutafuta mnunuzi wa ndama, nikaona redio niliyowapa siku ya harusi, chini yake kitambaa alichofuma marehemu mke wangu. Watu wanataja bei. Nikaona nichukue mimi, nyumba isibaki ukuta mtupu."

Sauti ilitoka nyuma ya jiko, ndogo lakini imenyooka. "Mwalimu, mwambie si njaa."

Mabanzi yalikuwa na nyufa, kila mtu alisikia. Hata hivyo Leah alirudia. "Anasema si njaa."

"Muulize ni nini basi."

"Mwambie ni ada ya mtihani. Kidato cha nne."

"Ada ya mtihani, baba. Kidato cha nne."

Mzee akauliza, "Na mtoto mgongoni?"

"Na mtoto mgongoni," Leah alisema. Kisha, kwa kuwa hakutaka tena kuficha kitu, aliongeza, "Fedha ya redio ingetosha. Ilipokosekana, ndipo akatoa cherehani."

Mwavuli uliokuwa umeegemezwa magotini mwa mzee ulianguka. Hakuuokota. "Kwa hiyo cherehani nimeitoa mimi," alisema. "Na jina lake limechafuka kwa ajili yangu. Mwambie... mwambie nimeona aibu."

"Mwambie na mimi," sauti ikajibu.

"Na mimi pia," Leah alisema, na hilo hakutumwa na mtu.

Mzee aliweka kifurushi juu ya kigoda. "Cherehani nimeinunua, ni yangu. Ibaki kule kule kwake, ishone."

"Mwambie haiwezekani. Aipokee kwanza, kila mtu aone nimeuza. Akishapokea, afanye atakavyo."

Kwa mara ya kwanza mzee alitabasamu, akiutazama mlima. "Ndaga fijo, asante sana. Mwambie aniletee mali yangu." Akaingia ndani, akafunga mlango. Tusekile akatoka nyuma ya jiko, akachukua kifurushi kwa mikono miwili.

Jumatatu Allen alipeleka redio na cherehani Igogwe, na saa moja baadaye akarudi navyo Tukuyu, kwa Tusekile. Alilipwa nauli mbili, akasema biashara ya namna hii iwepo kila wiki.

Jumanne tarehe 28, saa tisa alasiri, Tusekile alifika barazani na risiti ya ada ndani ya leso. Mbele yake Leah aliandika kundini: "Mnunuzi wa redio na cherehani amelipa vyote. Fedha alikuja nayo tangu Jumapili ya kwanza. Sheria yangu ndiyo iliyomzuia. Kuanzia leo mnunuzi anaweza kuniachia fedha mimi bila kuonana na muuzaji. Mama Elina hakudanganya mtu. Niliyekosea ni mimi, na nilikosea mbele yenu wote. Nimemrudisha kundini."

Jotham aliuliza papo hapo: "Kwani mnunuzi ni nani?"

"Ni mteja," Leah aliandika, akaishia hapo.

Kisha namba ile, ambayo haikuwahi kuandika kitu zaidi ya dau, ikatokea: "Mali nimepokea. Muuzaji ni mwaminifu."

Tusekile aliusoma ujumbe mara moja. Akaigeuza simu kifudifudi mapajani, akaupeleka uso pembeni na kushusha macho, kama vile mzee mwenyewe amesimama pale mbele yake. Na huku uso umegeukia pembeni hivyo, akatabasamu.